Barua kwa mwanangu: mtoto anapoonewa shuleni

Mwanangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unaniuliza utajuaje kama mjukuu wangu anaonewa shuleni, ilhali kila ukimwuliza anakujibu kwamba hakuna kitu.

Kaka yako alipokuwa darasa la nne, wewe ukiwa bado unanyonya, kila alasiri aliingia nyumbani mbio, akanipita bila hata shikamoo na kwenda moja kwa moja chooni, mkoba ukiwa mgongoni. Nilimgombeza kwa utovu wa adabu. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha nilipong'amua kwamba alikuwa akijizuia haja tangu asubuhi, na maji hanywi, kwa sababu wavulana wakubwa walimvizia kwenye vyoo vya shule na kumnyang'anya hela ya maandazi. Shati lake la sare lilikuwa na vifungo viwili vilivyoshonwa kwa uzi mweusi. Alivishona mwenyewe usiku ili nisimwulize.

Kwa hiyo usitafute makovu peke yake. Tazama anachokikwepa, njia anayoizunguka, kalamu zinazopotea kila wiki, njaa anayorudi nayo ingawa hela ulimpa, na tumbo linalomuuma Jumapili jioni lakini Ijumaa mchana ni mzima. Watoto wakigombana leo, kesho utawakuta wanacheza pamoja. Uonevu humrudia yule yule, naye hana ubavu wa kujitetea.

Usimhoji. Kaka yako alinieleza yote tukichambua mchele, macho yake yakiwa kwenye sinia, baada ya kumwuliza tu wakati wa mapumziko hukaa na nani. Baba yako alipomwambia arudishe ngumi, alinyamaza tena wiki nzima, na hilo linaniuma hadi leo. Mwombe mumeo asilirudie.

Akikueleza, usimwahidi kuficha. Andika siku, mahali na kilichotokea, kisha umwone mwalimu wa darasa, na usipopata jibu uende kwa mwalimu mkuu, kwani mimi nilipuuzwa mara ya kwanza nikarudi tena. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, na akiumizwa mwili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Kesho akirudi, angalia anaanzia wapi akishaingia ndani, kisha uniandikie.

Mama yako