Nimesoma sheria, kazi naipataje?

Mwezi huu nimefungua maswali yenu nikakuta karibu yote yametoka kwa vijana wa sheria, na mzazi mmoja, kwa hiyo wale wa mirathi na viwanja mnisamehe, toleo lijalo ni zamu yenu. Twende.

SWALI: Shikamoo dada wakili. Niko mwaka wa mwisho LLB (shahada ya kwanza ya sheria), nasoma Morogoro. Nimetuma CV kwa imeili kwenye ofisi kibao za mawakili huko Dar, hakuna hata moja iliyojibu. Chuoni nilienda ofisi ya ushauri wa ajira wakanipa mfano wa CV wakaniambia niwe naangalia matangazo ubaoni, basi. Wenzangu wanasema sheria bila koneksheni huendi popote. Ni kweli au wananitisha tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hawakutishi, ila wameelewa nusu. Ofisi nyingi za mawakili hapa kwetu ni ndogo, wakili mmoja au wawili, karani, na kijana wa kukimbiza nyaraka mahakamani, hakuna cha afisa rasilimali watu wala nini, hiyo imeili yako imeingia kwenye boksi moja na malalamiko ya wateja na wito wa kesi ya kesho asubuhi, sasa nani ataisoma? Hujakataliwa, hujasomwa. Wakili wa namna hiyo akihitaji mtu anamchukua yule aliyemuona akifanya kazi, au aliyeambiwa na mwenzake kwamba huyu kijana nikimtuma anatumika. Hiyo ndiyo koneksheni, na unaweza kuitengeneza hata kama hakuna jaji kwenye ukoo wenu.

Sasa wewe uko Morogoro halafu unahangaika na Dar! Hapo hapo Morogoro kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, kimoja kati ya vile vilivyozinduliwa 2021, ngazi kadhaa za mahakama jengo moja. Kesi nyingi zinasikilizwa mahakama ya wazi, siku huna kipindi vaa vizuri nenda ukakae nyuma usikilize. Ukienda mara kwa mara utaanza kuwajua mawakili kwa sura, utajua nani anajiandaa na nani anaomba ahirisho kila siku (hao wa ahirisho usiwafuate). Kesi ikiisha msubiri nje, msalimie, mwambie wewe ni mwanafunzi na umesikia alivyojenga ile hoja yake, uliza swali moja la maana. Usimpe CV siku hiyo. Mwisho wa Januari kuna Wiki ya Sheria, mabanda yanafungwa viwanjani na watu wanapewa ushauri bure, wanaotoa huduma huwa wanazidiwa na foleni, jitolee hata kuandikisha watu na kuwapanga.

Fildi nayo watu wanaichezea. Mwanafunzi anakimbilia ofisi ya vioo pale Posta apige picha, miezi inaisha kazi yake ilikuwa kutoa fotokopi. Bora ofisi ya kawaida ya mkoani ambako utaguswa na jalada lenyewe, ufundishwe kufungua shauri kwenye mfumo wa mahakama wa mtandaoni, uandae orodha ya vielelezo, utumwe kutafuta hukumu.

Na hapo kwenye hukumu ndipo pa kujitofautisha. TanzLII, ile tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure kabisa, ingia chukua hukumu moja ya Mahakama ya Rufani kwenye eneo ambalo ofisi hiyo inafanyia kazi, ardhi au ajira au chochote, andika ukurasa mmoja: kilibishaniwa nini, mahakama imesema nini, inambadilishia nini mteja. Ambatanisha na barua fupi. Mimi nikipokea hiyo naisoma, CV ya kurasa tano yenye "naweza kufanya kazi chini ya shinikizo" siisomi. Halafu jifunze kuandika kisheria kwa Kiswahili kilichonyooka, sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya mahakama, na sisi wa zamani tuliolelewa na nyaraka za Kiingereza tunatoka jasho kweli kuandika hati ya madai isiyosomeka kama tafsiri. Kijana anayeiweza hiyo kazi ni mali.

SWALI: Dada habari. Nimemaliza LLB, niko Mwanza, Law School, ile shule ya mafunzo ya uwakili baada ya LLB, sijaenda kwa sababu ya ada. Mjomba anasema nitulie nyumbani hadi hela ipatikane. Watu mtaani wananiletea mikataba ya kuuziana viwanja niwaandikie, wananipa elfu kumi, elfu ishirini. Si mbaya eti?

JIBU: Mbaya, acha leo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu ambaye si wakili kuandaa kwa malipo nyaraka za namna hiyo, za mali na za kesi, ni kosa la jinai. Najua mtaani vishoka wamejaa na hakuna anayewagusa, lakini wao hawana ndoto ya kuapishwa, wewe unayo, na siku ukiomba kuwa wakili tabia yako nayo inaangaliwa. Elfu ishirini hiyo itakugharimu. Wakija tena wapeleke kwa wakili unayemuamini, na huyo huyo muombe ukae ofisini kwake umsaidie kuandaa rasimu chini ya usimamizi wake, atakayesaini ni yeye.

Kwa mjomba, heshima zake, ila kutulia nyumbani hapana. Kazi nyingi zinataka kichwa cha sheria bila muhuri wa wakili. Benki na saccos wana watu wa kukagua hati za dhamana na kufuatilia madeni, kampuni za bima wana madai, na mashirika ya haki za wanawake na msaada wa kisheria yapo, hapo Mwanza kwenu kuna Kivulini, kaulize kama wanapokea wa kujitolea. Kuna eneo jingine vijana hawalioni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Mei 2023, taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa zijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ziwe na afisa wa kusimamia hilo, mashule, hospitali, wakopeshaji wa kwenye simu, na wengi hata hawajaifungua hiyo sheria. Isome wewe, yote, na kanuni zake, halafu nenda kaongee nao.

Ada nayo usiiache kwa mjomba peke yake, Bodi ya Mikopo huwa ina mwongozo kwa ajili ya wanaoenda Law School, usome dirisha likifunguliwa.

SWALI: Ajira Portal, ule mfumo wa maombi ya kazi za serikali, wamenitoa tena kwenye mchujo na vigezo ninavyo. Wana tatizo gani hawa?

JIBU: Kabla ya kuwalaumu rudia kusoma tangazo, kale kasehemu ka chini ambako hakuna anayekasoma. Umeweka vyeti kamili au zile karatasi za matokeo ya kidato cha nne na sita? Hazikubaliki. Vyeti vimethibitishwa na mwanasheria? Barua umesaini? Jina la cheti cha kuzaliwa na la chuo yanafanana herufi kwa herufi? Na nafasi za Wakili wa Serikali na Afisa Sheria kwa kawaida zinadai umemaliza Law School, LLB peke yake unajichosha.

SWALI: Mwanasheria, mimi ni mama, niko Tanga. Binti yangu amerudi kutoka Law School anasema amefeli, amejifungia ndani hataki hata kula. Tumesomesha kwa shida. Ndiyo basi tena?

JIBU: Shikamoo mama, pole sana. Kwanza ajue hayuko peke yake wala si mjinga. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 wakapata sapu (kufanya tena mitihani waliyofeli) na 265 wakaondolewa, nchi nzima ikapiga kelele mpaka Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mawakili wengine unaowaona na majoho walipita na sapu, hawasemi tu.

Akitulia muombe mkae naye msome barua ya matokeo inasema nini hasa, maana kuwa na sapu, kurudia na kuondolewa ni mambo tofauti na kila moja lina njia yake na tarehe zake, tarehe ndizo zinazowaponza watu wakiwa bado wanalia. Kama ni sapu atafute wenzake wa kusoma nao, maswali ya pale ni ya vitendo, kuandaa nyaraka na kuendesha kesi, kukariri hakusaidii. Huku akisubiri aingie ofisi ya wakili hapo Tanga hata kwa nauli tu. Na nyie hapo nyumbani, ile ya kumuita "wakili wetu" mbele ya wageni iacheni kwanza.