Tumba au ua? Inategemea mvua imenyesha lini

Wiki hii mmeuliza: ua lipigwe picha likiwa bado tumba, au likishachanua? Nilitaka kupita tu, lakini swali limenikera. Linadhani mpiga picha ndiye anayechagua. Njooni Moshi wakati wa vuli, mwingie kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, chenye kahawa, ndipo mtajua nani anachagua.

Kwa wasiokulia mgombani: tumba la kahawa hulala kiangazi chote, dogo, la kijani, hakuna anayeligeukia. Ikipiga mvua ya maana linavimba, linarefuka, linageuka jeupe, na baada ya siku nane hadi kumi hivi shamba zima linachanua kwa mpigo. Siku mbili tatu, petali zimeshakuwa kahawia. Sasa wewe unayefanya kazi mjini na kupanda mlimani kwenda nyumbani Jumapili, utachagua nini?

Mwaka mmoja nilikuwa Uru kwa shangazi, mvua ilishanyesha wiki iliyotangulia. Matumba yalikuwa yameanza weupe, yamejazana kwa mafungu kwenye kila kifundo cha tawi. Nikatoa simu. Nikilenga, simu inachagua migomba ya nyuma, tumba linabaki ukungu tu. Nikigusa kioo ilenge mbele, upepo unatikisa tawi. Nikisogea karibu zaidi, ndiyo kabisa haioni kitu. Shangazi alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Akanitazama weee, mwisho akaweka panga chini, akaja, akashika tawi kwa mkono mmoja na kiganja cha pili akakikinga nyuma ya matumba.

"Haya, piga."

Simu ikatulia. Kiganja kina udongo na madoa ya utomvu wa mgomba, na mbele yake matumba yanaonekana mpaka petali zilivyojisokota kwenye ncha. Sijapiga picha nzuri kuliko ile.

"Mkono wangu usiwaonyeshe watu," akasema. "Na hiyo bado si picha. Uje zikifunguka." Kisha akavuta tawi jingine, akaanza kuhesabu mafungu kimyakimya, akasema mti huu Mungu akijalia una debe lake. Mimi nilikuwa natazama umbo, mwenzangu yuko kwenye mavuno ya mwakani.

Zilifunguka Jumatano. Alinipigia simu, harufu imefika mpaka barabarani, nyuki hawasikilizani. Nilikuwa kazini. Jumapili nilikuta petali chini, zimesinyaa.

Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia tumba ni bora: halijamaliza maneno, linamwachia mtazamaji kazi. Tena kahawa hii ya arabika hujichavusha yenyewe, kwa hiyo likifunguka shughuli kubwa haihitaji mgeni, sisi tunakuja kutazama mapambo. Ni hoja nzuri. Ila sasa ninavyoiandika naanza kuishuku. Huenda ni ile ya sungura na sizitaki mbichi hizi, maana ua la kahawa lililochanua vizuri sijawahi kulipiga.

Kisha kuna waridi. Ukipita mashamba ya maua ya Usa River, karibu na Arusha, waridi la kusafirishwa hukatwa likiwa tumba, linawekwa kwenye baridi na kupelekwa Ulaya, kwa sababu lililofunguka halivumilii safari. Linachanua kwenye meza ya mtu mwingine. Hapo sitaki kusikia habari za uzuri wa tumba. Mwenye nafasi ya kulipiga waridi likiwa wazi, bustanini kwake, alipige.

Kwa hiyo jibu langu, kama lazima liwe moja: lililochanua. Hata kwa kahawa, ilimradi uwe unaishi pale pale au bosi wako anaelewa ruhusa ya maua. Anayekuja Jumapili kwa Jumapili apige tumba na asijilaumu, ila atafute mtu wa kumshikia tawi. Asmini siiongelei, wapo wa Tanga na Pangani watakaojibu. Kwao asmini huchumwa na kutungwa ingali tumba, ifunguke usiku ikiwa imeshavaliwa, na sijui picha hiyo wanaipiga saa ngapi.