Bakteria hawa au bakteria hizi?

Swali: Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Lamu. Niliandika ubaoni, "Bakteria hizi za streptokoka zinadhuru koo." Mwenzangu wa Kiswahili akasema ni "hawa" na "wanadhuru". Tena wanafunzi wangu huandika "kundi alfa wanasababisha..." Lipi sahihi?

Jibu: Mwalimu, mwenzako amesema kweli. Bakteria hula, huzaana na hufa, na kiumbe wa namna hiyo Kiswahili humtia katika ngeli ya A-WA hata jina lake likikosa kiambishi cha m- au wa-. Ndiyo maana tunasema kiboko yule, papa huyu, na kwenu Lamu nyuni huyu, yaani ndege. Najua "bakteria hizi" imejaa magazetini, lakini mimi siikubali. Ukitumia "vijidudu", hapo sawa: vijidudu hivi vinadhuru.

La pili ndilo zito, kwa sababu kosa la lugha hapo huzaa kosa la sayansi. Streptokoka ni bakteria wa mviringo, wamefuatana kama shanga kwenye uzi. Hupangwa kwa njia mbili. Moja hutazama wanavyoitenda damu kwenye sahani ya maabara: wa alfa huvunja chembe nyekundu nusunusu na kuacha rangi ya kijani, wa beta huzivunja kabisa, wa gama hawazivunji. Njia ya pili ni ya Rebecca Lancefield, Mmarekani, ya mwaka 1933. Yeye aliwapa herufi, A, B, C na kuendelea, kwa kufuata kabohaidreti za ukuta wa seli.

Kwa hiyo neno "kundi" liachiwe herufi za Lancefield peke yake. Aandikaye "kundi alfa" ataamini A na alfa ni kitu kimoja, ilhali Streptococcus pyogenes, aletaye mafindofindo ambayo yasipotibiwa huweza kufuatwa na homa ya kudhuru vali za moyo, ni wa kundi A na ni wa beta. Streptococcus agalactiae, hatari kwa watoto wachanga, ni wa kundi B, naye kwa kawaida ni wa beta vilevile. Yule wa nimonia, Streptococcus pneumoniae, ni wa alfa na hana herufi yoyote.

Na upatanisho ufuate neno linalotangulia: "Kundi A linasababisha", au "Streptokoka wa kundi A wanasababisha".