Mtoto yuko kwenye taa, choo kimekuwa cha kijani

SWALI: Dokta shikamoo. Mtoto wangu ana siku 4, siku ya 3 wakamkuta na manjano wakamuweka kwenye taa ya bluu. Tangu jana anapata choo chepesi cha kijani, karibu kila nikimbadilisha nepi nakikuta, halafu ametoka vipele kifuani na macho wamemfunga kitambaa. Mama mkwe anasema nimtoe maana hiyo taa itampofusha na kumbabua ngozi. Nimchukue tu niende nae nyumbani au? Mama wa kwanza.

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa mtoto. Usimtoe. Mama mkwe ana uchungu na mjukuu wake namuelewa, ila kinachotisha hapa ni yale manjano yenyewe, bilirubini (ile rangi ya njano iliyo kwenye damu) ikipanda sana inaingia kwenye ubongo na madhara yake hayarudi nyuma, mtoto anaweza kubaki kiziwi au viungo visimtii maisha yote.

Sasa hicho choo. Taa inaibadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi iwe ya aina ambayo mwili unaweza kuitoa kwa nyongo na mkojo, kwahiyo nyingi inashukia tumboni, ndo maana choo kinakuwa chepesi na cha kijani na mkojo nao unaweza kukolea. Kikitoka hivyo ujue uchafu unatoka. Shida ni maji, maana anayapoteza kwa choo na kwa ngozi pia kwa sababu yuko uchi chini ya taa, kwahiyo mnyonyeshe kila baada ya saa 2 au 3 hata kama amelala, muamshe, manjano yanawafanya wavivu wa kunyonya. Hesabu nepi zenye mkojo. Zikipungua, mdomo ukikauka au utosi ukibonyea mwite nesi hapohapo usisubiri dokta apite.

Vipele vingi vya hivyo vinaisha vyenyewe taa ikizimwa. Usimpake mafuta wala losheni akiwa chini ya taa. Joto ndo la kuangalia, wengine wanachemka wengine wanapoa, ndo maana wanampima mara kwa mara, sio kwamba wanamsumbua.

Macho: mwanga ni mkali kweli na unaweza kuumiza, kwa hiyo kile kitambaa ndo kinga yenyewe. We angalia kisiteleze kikaziba pua, na ukimtoa kunyonya mvue muangaliane, nesi nae aone kama kuna tongotongo.

Kuhusu kubabuka, taa hizi si za miale ya jua inayounguza. Kuna wachache ngozi inageuka rangi kama shaba, hao mara nyingi nyongo yao haipiti vizuri, ukiona hivyo sema ili ini lichunguzwe, rangi yenyewe huwa inafifia baada ya taa.

Na usidanganyike ukiona amekuwa mweupe leo ukasema kapona, ngozi iliyopigwa mwanga inapauka kabla damu haijasafika. Kipimo cha damu ndo kinasema. Hata wakimtoa bilirubini inaweza kupanda tena kidogo, ukiambiwa mrudishe kupima mrudishe.

SWALI: Je nikimwanika juani asubuhi si ni sawasawa na taa? Baba.

JIBU: Wazo si la kijinga ndugu yangu, Uingereza miaka ya 1950 nesi mmoja aliona watoto wanaotolewa juani manjano yanapungua na tiba hii ikaanzia hapo. Ila jua huwezi kulipima, linaunguza na linamchemsha mtoto, au mnamvua nguo anapigwa baridi. Aliyefikia kiwango cha taa awekwe kwenye taa. Halafu haya sio "homa ya manjano" jamani, ile ni ya mbu, naona watu wanachanganya kila siku.