Kabla ya kubishana kuhusu magwiji wa Simba, ulizaneni mlianza kushabikia mwaka gani

Ukitaka kupanga orodha ya magwiji wa klabu yenu, iwe ya kubandika ukutani kwenye tawi au ya kubishania tu kijiweni, usianze na swali la nani alikuwa bora. Swali hilo sijaona likizaa kitu zaidi ya watu kununiana. Anza na hili: wewe ulianza kuipenda timu mwaka gani, na wakati ule timu ilikuwa inaumwa wapi? Mimi ni shabiki wa Simba, klabu ya soka ya Dar es Salaam, tangu utotoni. Tawi letu la mashabiki lina wazee walioishangilia timu miaka ya sabini na vijana ambao hawajawahi kusikiliza mechi redioni, na nimeona jinsi swali hilo linavyogeuza ubishi ukawa mazungumzo.

Mchukue Abdallah Kibadeni. Kijana yeyote wa Msimbazi, mtaa wa Simba, atakwambia anamjua: alifunga mabao matatu peke yake Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977, na hajatokea mwingine aliyefanya hivyo kwenye mechi ya ligi ya watani hawa wa jadi. Ameisoma, na inamtosha. Mkalishe mzee sasa, mpe shikamoo yake, umwache aanze anapotaka yeye. Hataanzia 1977. Ataanzia 1968, Yanga ilipotufunga 5-0 tukiwa bado tunaitwa Sunderland. Kutoka hapo atakupeleka Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, mwaka 1974: Simba ikaongoza, Gibson Sembuli akasawazisha, Sunday Manara akatumaliza kwenye muda wa nyongeza na ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga. Hapo sauti yake inashuka kidogo, kama vile mechi imeisha jana. Ndipo anaifikia 1977, na mabao anayahesabu kwa vidole.

"La kwanza Kibadeni. La pili Sanga wa Yanga kajifunga mwenyewe. La tatu Kibadeni tena. Halafu Masimenti, Masimenti. La sita nani? Kibadeni!"

Kijana mmoja aliyekuwa anamsikiliza mzee wetu akamuuliza kama kuna video. Mzee akamtazama kwa muda, akamwambia, "Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tumebeba zile tano miaka tisa." Mzee anayekumbuka tano za 1968 na machozi ya Nyamagana hamkumbuki Kibadeni kwa kuwa alifunga mabao matatu. Anamkumbuka kwa kuwa alilipa deni. Mchezaji mwingine angeweza kufunga matatu mwaka ambao hakuna anayedai chochote, na leo usingemkuta kwenye ukuta wowote.

Sisi tuliofuata tunaye Kibadeni mwingine kabisa. Wa kwetu alikuwa kwenye benchi, kocha aliyeifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Tulitoka suluhu kule Abidjan, tukajiona tumeshamaliza kazi, Stella ya Ivory Coast wakaja Dar es Salaam wakatufunga 2-0 nyumbani kwetu. Ukimtaja Kibadeni mbele ya watu wa rika langu, wengi wanaanza kuusikia uwanja ule uliokufa ganzi kabla hawajafikiria bao lolote. Kwa hiyo jina lenu linapokuwa moja, msidhani mnamzungumzia mtu mmoja.

Halafu kuna 2003. Zamalek wa Misri alikuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Tulimfunga 1-0 hapa, akatufunga 1-0 Cairo, ikaja mikwaju ya penalti. Juma Kaseja golini, na penalti ya mwisho akapiga Christopher Alex. Simba ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Christopher Alex alifariki mwaka 2015, na vijana wengi wa sasa hawalijui jina lake. Ukienda kwa takwimu huwezi kumweka mbele ya washambuliaji waliofunga mabao kwa makumi. Mimi namweka, na wenzangu wa rika langu karibu wote wanamweka, kwa sababu kati ya kupuliza kwa filimbi ya mwamuzi na mpira kutikisa wavu alibeba kitu ambacho timu nzima ilikuwa haijawahi kukigusa. Ushauri wangu hapa ni kwamba msiogope kumpa mtu nafasi ukutani kwa tukio moja, mradi wenye rika lake waweze kulisimulia bila kukwama.

Jambo ambalo watu hawalipi uzito ni njia ambayo mchezaji alitufikia. Kizazi cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilimjua mchezaji kwa jina la utani na sauti ya mtangazaji. Ndiyo maana wazee hawasemi Sunday Manara, wanasema Computer. Hawasemi Kitwana Manara, wanasema Popat. Jina lilibeba mwendo wa mtu, na kila msikilizaji akamchora kichwani anavyotaka. Kizazi cha simu kinamjua mchezaji kwa sekunde ishirini za video na kwa staili ya kushangilia. Mtoto wa jirani yangu ni Yanga damu, na gwiji wake ni Fiston Mayele. Ukimwambia Mayele alikaa Jangwani misimu miwili tu, wakati Nadir Haroub "Cannavaro" alikaa miaka na miaka na kitambaa cha unahodha mkononi, anakuangalia kama umemtukana. Lakini msikilize. Mayele alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika msimu wa 2022/23 kwa mabao 7, Yanga ikafika fainali na kupoteza kwa USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini tu, jumla ya mabao ikiwa sawa. Mtoto aliyekuwa anatetema uani, akiiga ushangiliaji wake, kila Mayele akifunga hatakuja kumbadilisha na mtu. Mwacheni naye aweke wake.

Sisi tunaye Clatous Chama, na hapa ndipo tawi letu lilipopata mtihani. Kabla yake, mara ya mwisho Simba kucheza makundi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa ile ile 2003. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano mwaka 2018 hakuwahi kuiona timu yake mahali hapo hata siku moja. Chama akaja, akafunga kwa kisigino dhidi ya Nkana ya Zambia dakika za mwisho tukaingia makundi, na Machi 2019 akawafunga AS Vita ya Kongo dakika ya 90 tukaenda robo fainali. Kwa vijana wale Chama ndiye aliyewafungulia mlango. Julai 2024 akahamia Yanga. Wapo waliotaka picha yake iondolewe ukutani jioni ile ile.

Kwenye hili nina msimamo na sitauficha: picha ya mchezaji aliyehama isiondolewe. Andikeni chini yake miaka aliyowatumikia, basi. Kaseja aliyetuvusha Cairo alikwenda Yanga, akarudi, na Mei 2012 tulipowafunga Yanga 5-0 bao moja la penalti lilikuwa lake. Emmanuel Okwi alifunga mawili siku ile, baadaye akavaa kijani na njano ya Yanga, watu wakamwita msaliti, kisha msimu wa 2017/18 akiwa amerejea akafunga mabao 20 na kuturudishia ubingwa ambao hatukuwa tumeuona tangu 2012. Waliochana jezi yake walimwimba tena kwa sauti ile ile. Siku ile ya 5-0 alifunga pia Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye hata wiki mbili hazikupita akafariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Yeye hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumkasirikia. Kila nikimwona kwenye picha za timu ile nashukuru kwamba tulimshangilia akiwa hai, na ninajiuliza kwa nini wanaoishi tunawahesabia mikataba.

Kwa vitendo, tulichofanya ni kuugawa ukuta kwa vipindi na kuacha kila rika lichague watu wake, bila rika jingine kupiga kura. Wazee hawana haki ya kumtoa Chama, vijana hawana haki ya kumtoa Kibadeni. Mtu akitaka kuongeza jina, haji na idadi ya mabao. Anasimama na kusimulia mechi moja. Akishindwa kuisimulia, jina linasubiri. Mabeki na makipa walianza kupata nafasi kwa utaratibu huu, kwa sababu msimulizi akiulizwa nani aliokoa dakika ya mwisho inambidi akumbuke.

Na wazee warekodiwe. Mechi nyingi za miaka ya sabini hazina video utakayoipata. Kilichobaki ni vichwa vyao na magazeti ya zamani kama Uhuru na Mzalendo kwenye maktaba. Simu yako inatosha. Usimuulize mzee "Kibadeni alikuwaje," atakujibu "alikuwa hatari" na kunyamaza. Muulize ulikaa upande gani wa uwanja, ulirudi nyumbani kwa njia gani, nani alikuwa golini, nani alitoa pasi ya bao la tatu. Taja jina la mchezaji wa upinzani aliyemchukia, utaona anavyochangamka. Akikosea tarehe usimkatize, utailinganisha na gazeti baadaye. Nenda siku ya kawaida, mchana, kukiwa kumetulia. Siku ya dabi hapatikani mtu wa kuhojiwa, wote wanabishana kikosi.