Kabla hujapakia tepu ya zamani, toa pete

Juzi msomaji aliniandikia kwamba amepata mashine ya tepu ya kompyuta, ile kubwa kama kabati, pamoja na tepu zake za sumaku za kuhifadhi data, zenye upana wa nusu inchi. Anauliza: "Niwashe tu, nipachike tepu?" Hapana, ndugu yangu. Hapana kabisa.

Mimi nilikuwa opereta wa tepu, zamu ya usiku. Wenzetu wa programu walituita wabeba magurudumu, yaani yale yanayozungushiwa tepu. Kazi ikienda sawa, pongezi zao. Tepu ya mishahara ikigoma kusomeka usiku wa manane, tunaitwa sisi. Bado inaniuma, sifichi. Maana opereta mzuri alijua hitilafu kwa sikio kabla taa haijawaka. Tepu ilitakiwa kuanza na kusimama ndani ya milisekunde chache, na gurudumu zito haliwezi kwenda na kasi hiyo. Ndiyo maana IBM, kwenye mashine yake ya 726 ya mwaka 1952, iliacha tepu ining'inie kama kitanzi ndani ya mifereji miwili inayonyonywa hewa. Roli ya kuendesha inavuta tepu kutoka kwenye kitanzi na kuipitisha kwenye kichwa cha kusomea, gurudumu linafuata polepole. Mvumo wa hewa ukibadilika, ujue mfereji unavuja. Hilo sikulisoma kwenye kitabu chochote.

Wiki iliyopita nimesoma tepu ambayo vijana wenye vifaa vya kisasa walishaikatia tamaa. Wao walikimbilia programu. Mimi nilianza na kichwa cha kusomea. Kilikuwa kimeganda unga wa kahawia. Gundi ya baadhi ya tepu hunyonya unyevu, ikanata na kupiga kelele ikipita kwenye kichwa. Wahifadhi huzipasha tepu za namna hiyo kwenye joto la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, katika tanuri linalodhibitiwa. Si oveni ya jikoni, tafadhali!

Basi, toa pete. Nyuma ya gurudumu kuna mfuo, na ndani yake pete ya plastiki. Ikiwepo, mashine inaruhusiwa kuandika. Isipokuwepo, inasoma tu. Safisha kichwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kagua sehemu za mpira, kwa sababu mpira wa zamani hugeuka ulimbo. Jaribu kwanza na tepu isiyo na thamani. Na pete, umeshaitoa?

Vijana, acheni kiburi. Mtafuteni mzee aliyewahi kupachika tepu hizi kabla hamjashika bisibisi, na mumsikilize hata akirudia hadithi.

Tepu ikikubali kusomeka, nakili yote kwa mkupuo, hata vipande vyenye makosa, maana huenda isikubali tena. Tepu ya futi 2,400 yenye herufi 1,600 kwa inchi haifiki megabaiti 50, kwa hiyo nafasi si kisingizio. Ukikuta maandishi hayaeleweki, usiseme imeharibika: tepu nyingi za mashine kubwa za IBM ziliandikwa kwa EBCDIC, mfumo wa IBM wa kuandika herufi kwa namba, si ASCII, ule wa kompyuta nyingi nyingine. Kuzigeuza ni kazi ya baadaye, mashine ikiwa imeshazimwa.