Ba jirani banataka famili ya Kasai ifukuzwe, ninyamaze ao niseme?

Ndugu, unauliza kama unyamaze juu ba jirani ba avenu yenu banataka mwenye parsele (mwenye nyumba) afukuze ile famili ilitoka Kasai na treni, eti banatuletea wizi. Hapana, usinyamaze. Kama kuna mwizi, batafute mwizi, jina yake, bamupeleke ku polisi, lakini ule mama na batoto bake banakosa nini? Siye batu ba Katanga tunajua hii njia kwenye inaendaka, mu 1992 na 1993 ilianza paka na maneno ya vile, kisha batu ba Kasai balifukuzwa mu Katanga, balilala mu gare ya Likasi na batoto bakingoja treni, na bengine balikufa palepale, na batu bazuri mingi balifunga tu milango. Artikle 66 ya Katiba inaomba kila Mukongomani, sio serikali tu, aheshimu mwenzake bila ubaguzi. Mi ningeanza na mwenye parsele, peke yake, mbele siku ya mkutano ya ba jirani haiyafika, juu mu kikundi kila mutu anaogopa mwenzake, kisha tafuta mzee moja wa kanisa asimame na weye. Na ule mama, umusalimie asubuhi batu bote bakiona, umuulize batoto bake banasomea wapi.